Jiwe Lililofungwa Kamba Nyeusi

Mvua iliyonyesha mchana kutwa ilikoma muda mfupi kabla ya malango kufunguliwa. Wakubwa wa Bustani ya Mimea ya Hiyodani walishusha pumzi, maana tiketi za jioni hiyo zilikuwa zimekwisha zote, na mafundi walikuwa wamehangaika wiki nzima kuzificha taa chini ya miti. Giza lilipotanda taa ziliwashwa, na majani mekundu ya miti ya momiji yakaonekana mara mbili: juu matawini, na chini katika maji ya ziwa dogo. Watu walipita kwa utaratibu, wakisema kwa sauti za chini kama walio hekaluni, kila mmoja na simu yake mkononi.

Mkaguzi Kusakabe Mitsuo wa polisi hakuja kutazama majani. Aliingia kwa mlango wa watumishi, kola ya koti ameisimamisha kwa sababu ya baridi, na nyuma yake akafuata Sajini Orihara, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka.

Aliyepotea alikuwa Bi Ubukata Fumi, mwalimu wa adabu za chai, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye nusu ya mabibi wa mji ule walikuwa wamepiga magoti mbele yake kujifunza namna ya kushika bakuli. Hakuolewa. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na hakutoka nyumbani bila vidonge vyake vya kuweka chini ya ulimi. Hayo peke yake yangetosha kuwaita askari wa zamu. Lililomleta Kusakabe mwenyewe lilikuwa jingine. Majuma matatu yaliyopita gari jeupe lilikuwa limemgonga mwalimu wa chekechea aliyeitwa Nishina, alfajiri, penye kona ya mto, likamwacha barabarani hata akafa. Shahidi alikuwa mmoja tu, naye ni Bi Fumi. Alisema kwamba gari aliliona, dereva hakumwona. Kisha leo alasiri akapiga simu kituoni, akamtaka Kusakabe, akamwambia kwamba atafika kesho asubuhi kuongeza neno aliloliacha. Kusakabe alipomwomba aliseme palepale, alijibu kwamba neno la namna ile halisemwi kwa simu.

Basi palikuwa na mtu ambaye ingemfaa sana kama Bi Fumi asingeiona asubuhi hiyo.

"Umempata daktari wake?" Kusakabe aliuliza.

"Nimempata, Afande. Anasema kwa baridi hii, bila dawa, tusihesabu usiku. Tuhesabu saa."

Aliyetoa taarifa alikuwa ameketi katika hema la huduma ya kwanza, karibu na lango kuu, mkoba wa kike juu ya magoti. Huyu ni Ubukata Shuhei, mtoto wa marehemu kaka yake Bi Fumi, kijana wa miaka thelathini na ushei, amevaa koti zuri na glavu za sufu. Wazazi wake walifariki yeye akiwa mdogo, na shangazi yake ndiye aliyemlea.

Alieleza mambo kwa taratibu na kwa ufasaha. Walikuja kwa basi mara baada ya malango kufunguliwa. Walizunguka ziwa. Penye daraja la mawe shangazi yake alimpa mkoba amshikie, apate kuvuka mikono ikiwa mitupu. Msongamano ukawatenga, na yeye alipofika ng'ambo, shangazi hakuwapo. Alimtafuta muda mrefu kabla ya kuwaarifu walinzi, kwa sababu aliona haya kuwasumbua watu katika kazi yao.

Kusakabe akamwuliza vidonge viko wapi. Kijana akaufungua mkoba, akatazama. Vilikuwa mle. Kusakabe akaitwaa chupa, akaitia katika mfuko wa koti lake.

"Mmekuja kwa basi," alisema. "Gari huna?"

"Ninalo, Bwana Mkaguzi. Liko gereji. Breki zinasumbua."

Kijana akaomba aruhusiwe kuingia bustanini kutafuta yeye mwenyewe, kwa kuwa aujua mwendo wa shangazi yake kuliko askari yeyote. Kusakabe akamjibu kwamba atafaa zaidi akikaa hapohapo, ili bibi akiletwa aone uso anaoujua. Shuhei alishukuru kwa kuinamisha kichwa. Mkaguzi alipokuwa akitoka hemani, kijana aliomba tena.

Askari walikuwa wamekwisha kugawanywa. Kundi moja lilifuata ukingo wa ziwa likimulika majini. Jingine lilipita katika shamba la miti ya ginko, ambako majani ya manjano yalikuwa yameanguka kwa wingi hata ardhi haikuonekana. Orihara akazuia kutangaza jina la bibi katika vipaza sauti. Maadamu huenda dereva alikuwa miongoni mwa watu wale, alisema, si vema kumjulisha kwamba polisi nao hawajui bibi alipo.

Kisha likaja neno la kutia moyo. Bi Hatsue, mkata tiketi wa lango la mashariki, alikuwa amemwona mwanamke mzee mwenye mtandio wa zambarau akitoka, ameshikwa mkono na mwanamume mrefu. Bi Fumi alikuwa amevaa mtandio wa zambarau. Mkata tiketi aliulizwa mara ya pili, na mara ya tatu, wala hakuyumba. Mwanamume alikuwa na haraka, alisema, alikuwa akimvuta.

Kusakabe akawaondoa askari wanne ziwani, akawapeleka wawili penye maegesho na wawili kituo cha basi. Penye maegesho lilionekana gari jeupe lenye taa iliyovunjika. Askari walilizingira, wakamngoja mwenyewe; akaja muuza samaki na mchumba wake, na kabla hajamaliza kuulizwa swali la kwanza yule mchumba akaeleza kwa urefu ni nani aliyeigonga nguzo ya lango la baba yake Jumapili iliyopita, na jinsi baba alivyosema. Penye kituo cha basi walimkuta mwanamke wa mtandio wa zambarau akila kiazi kitamu cha kuchoma, amekalia gazeti.

"Mume wangu ndiye huyu," aliwaambia askari, akimwonyesha yule mwanamume mrefu. "Mwulizeni kama amenipoteza. Mwenyewe angependa, ila njaa haimruhusu."

Mume alisema kwamba walikuwa na haraka kwa sababu mtu alisema viazi vinakaribia kwisha.

Saa nzima ikapotea hivyo. Pumzi za watu sasa zilionekana mbele ya taa, nyeupe. Orihara alipiga simu kwa daktari tena, kisha akairudisha simu mfukoni, akamtikisia Kusakabe kichwa.

Mkaguzi akaingia bustanini kwa miguu yake. Aliizunguka njia yote ya taa, akitazama nyuma ya kila ua wa mianzi, akimulika kurunzi chini ya vichaka vya kamelia. Nyuma ya mianzi mirefu, penye njia panda, njia kuu ilipinda kulia. Upande wa kushoto mawe ya kukanyagia yaliteremka gizani. Juu ya jiwe la kwanza la kukanyagia palikuwa na jiwe la ulinzi, dogo, lililofungwa kamba nyeusi. Kusakabe akageuka, akafuata njia ya kulia.

Mbele kidogo alikutana na Mzee Isurugi, mlinzi wa bustani, aliyekuwa akisema peke yake kwa hasira. Kusakabe akamwuliza ameona nini usiku huu.

"Ninaona watu wasio na haya, Afande. Nimefukuza wachumba mara tatu kule kwenye vibanda vya vifaa. Mara tatu! Wamekanyaga mpaka matandazo yangu. Mwaka jana hakwenda hata mmoja."

"Na mwanamke mzee?"

"Angekuwako wangekuwa wamemkalia."

Alikuwa ameviangalia vibanda vyote ndani na nje, hata chini ya maturubai. Kusakabe akaandika, akaendelea.

Karibu na daraja la mawe makundi yote yalikutana tena. Konstebo Tsuruga, aliyewaongoza watafutaji, alikuwa na matope hadi magotini. Alitoa taarifa akiwa amesimama wima. Ziwa limeangaliwa ukingo wote. Vyoo vimeangaliwa. Nyumba ya chai, bustani ya dawa, vitalu vya vioo, vyote vimeangaliwa.

"Tumepita kila mahali, Afande."

"Kila mahali?"

"Kila mahali panaporuhusiwa."

Kusakabe, aliyekuwa akiwasha sigara, alizima kiberiti kabla haijashika.

"Na pasiporuhusiwa?"

Konstebo akatazama viatu vyake. Alisema kwamba kuna njia moja nyuma ya mianzi. Wangeipita, ila pana jiwe.

Ni jiwe la mviringo linaloenea mkononi, limefungwa kwa kamba nyeusi iliyokatana msalaba, na fundo lake limesimama juu kama kishikio. Halikuandikwa neno. Mtoto angeweza kuliruka. Walakini mtu aliyelelewa katika nchi ile huliona akageuka, wala haulizi nani kaliweka, wala kwa sababu gani. Kuuliza kwenyewe ni kukosa adabu. Watu wa chai hulitumia kuwaonyesha wageni njia isiyo yao usiku huo. Askari kumi na mmoja walikuwa wamefika mbele yake na kurunzi zikiwaka, wakitafuta mwanamke aliye hatarini kufa, na wote kumi na mmoja walikuwa wamegeuka. Kusakabe alikuwa wa kumi na mbili.

Akamwita Isurugi, akamwuliza kama jiwe lile liliwekwa na watu wa bustani.

"Si sisi," mlinzi alijibu. "Nilidhani ni watu wa nyumba ya chai. Nikasema, labda wana shughuli yao."

Bi Wakisaka, msimamizi wa nyumba ya chai, alifuatwa mbio. Alifika akijifuta mikono, akasema kwamba jiwe aliliona alipokwenda kuchota maji, akadhani watu wa bustani wameifunga njia kwa ajili ya utelezi. Aliulizwa mbona hakuwauliza. Alimtazama Isurugi, Isurugi akamtazama yeye, wakainamishiana vichwa. Angewezaje kuwauliza, alisema. Ingekuwa kama kuwaambia kwamba hawana haki ya kufunga njia yao.

"Njia hiyo inakwenda wapi?"

"Kwenye banda la kungojea, Bwana Mkaguzi. Wageni wa chai huketi pale hata mwenyeji awaite. Lakini leo usiku hatuna chai. Hakuna wa kungojea."

Walikwenda kwa haraka, na wapita njia wakawapisha wakidhani ni watu wa taa. Penye njia panda Kusakabe akapiga goti, akamulika. Jiwe la kukanyagia lilikuwa limelowa na kung'aa. Akalishika lile jiwe la ulinzi kwa fundo lake, akaliinua, akaangalia mahali lilipokuwa. Palikuwa pamelowa sawasawa na pengine pote.

"Mawe yenu ninyi," alimwuliza mlinzi, "huwekwa saa ngapi?"

"Asubuhi, Afande. Leo tuliyaweka kabla mvua haijaanza."

"Basi chini yake huwa pakavu."

"Ndiyo, huwa pakavu." Mzee akainama, akayatazama maji pale lilipokuwa jiwe. "Hili limewekwa baada ya mvua."

"Baada ya malango kufunguliwa. Limetoka wapi? Liko jiwe lenu lililopungua?"

Isurugi alikwisha kuondoka, akikimbia kama mzee akimbiavyo, mabega mbele. Hakwenda mbali. Upande wa pili wa mianzi kulikuwa na njia nyembamba iendayo kwenye vibanda vya vifaa, na ndiyo iliyofungwa kwa jiwe tangu asubuhi. Aliita kwa sauti. Juu ya jiwe la kwanza la kukanyagia, katikati ya ulowevu, palikuwa na duara kavu, upana wake sawa na jiwe alilolishika Kusakabe mkononi.

"Wale wachumba," mzee alisema, "hawakukosa adabu. Hawakuwa na kitu cha kuwazuia."

Kusakabe alikuwa akivitazama vidole vyake. Kamba ilikuwa mpya, iliyopakwa rangi msimu huu, na kwa kuwa ilikuwa na maji, ilimwachia weusi katika kiganja na katika mikunjo ya vidole. Alivifuta kwa leso. Leso ilichafuka, vidole havikutakata.

Akashika redio, akasema kwa sauti ya chini.

"Orihara. Yule kijana yupo?"

"Yupo, Afande. Ameomba tena aende kutafuta. Amesema atakwenda peke yake, hana haja ya kusindikizwa."

"Bado amevaa glavu?"

"Amevaa."

"Mpe kikombe cha amazake, kiwe cha moto. Kabla yake mpe taulo la moto la kufutia mikono, jeupe. Mpe kwa mikono miwili, uiname vizuri. Hataweza kukataa. Kisha ulitunze hilo taulo. Na umwulize ni gereji ipi, upige simu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na asitoke hemani."

Wakashuka, Kusakabe mbele, Isurugi na Tsuruga nyuma. Njia ile haikuwekewa taa. Mawe yalikuwa yakiteleza, yamewekwa mbalimbali kwa makusudi, ili mtu aangalie anapokanyaga na kusahau alikotoka. Sauti za watu zilipungua kwa ghafla, kana kwamba mlango umefungwa nyuma yao; na nuru yote ya bustani ikabaki juu ya mianzi, nyekundu, isiyofika chini. Konstebo aliteleza akashika tawi, na maji yakawamwagikia wote.

Banda lilikuwa dogo, la kuta tatu, paa la magome. Ndani yake benchi. Kurunzi ya Kusakabe iliangukia kwanza juu ya viatu vya mbao vilivyopangwa pamoja, ncha zikielekea njiani. Kisha juu ya mikono miwili iliyolazwa magotini, mmoja juu ya mwingine. Kisha juu ya mtandio wa zambarau. Bi Fumi alikuwa ameketi wima. Macho yalikuwa yamefumbwa, na midomo ilikuwa na rangi ya samawati.

"Mwalimu," Kusakabe aliita.

Hakujibu. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe alilolishika muda mfupi uliopita. Kusakabe akatafuta mshipa katika kifundo, hakuupata. Akatafuta shingoni, akangoja, na Tsuruga akaacha kuhema ili asimvuruge. Ulikuwapo, lakini ulipiga kwa kusitasita, ukipiga na kukoma.

Akafungua chupa kwa meno, akatia kidonge chini ya ulimi wa bibi, akavua koti lake akamfunika, na Isurugi akavua lake pia. Konstebo alikuwa amekwisha kupanda njia mbio kuita machela. Mzee wa bustani akapiga magoti, akaichukua miguu ya bibi iliyovaa soksi nyeupe, akaanza kuisugua, akimwomba radhi kwa kila mkono aliompitishia.

Walikaa hivyo. Kusakabe alishika mshipa wa shingo, wala hakutazama saa.

Redio ikasema. Ilikuwa Orihara, na alikuwa ametoka nje ya hema, maana upepo ulisikika. Kijana alikuwa amelikataa taulo kwanza, akasema mikono yake ni safi. Orihara akabaki ameinama na taulo mikononi mbele ya watu, hata muuguzi wa zamu akaanza kumtazama kijana kwa mshangao. Ndipo kijana akavua glavu. Taulo limekuwa jeusi. Anasema ni uchafu wa mlango wa basi.

"Na gereji?"

"Mwenye gereji yuko nyumbani, lakini anakumbuka. Lililetwa asubuhi ileile aliyokufa Nishina. Halikuwa na shida ya breki. Ni taa ya mbele na boneti. Ni gari jeupe, Afande. Limeandikishwa kwa jina la kampuni anakofanya kazi, ndiyo sababu hatukulipata."

"Usimwambie lolote. Mwongeze amazake."

Aliporudisha redio mkandani aliona kwamba Bi Fumi amefumbua macho. Alikuwa akiitazama njia, juu ya bega la mkaguzi.

"Bado hajaita," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila neno lilikuwa mahali pake.

"Nani, Mwalimu?"

Alivuta pumzi kidogokidogo. Kusakabe alimwambia asiseme, na yeye akasema. Alieleza kwamba alfajiri ile penye kona ya mto aliona gari, na nyuma ya usukani akamwona mtoto wake wa kulea. Alikaa majuma matatu akingoja kijana aende mwenyewe polisi. Kila asubuhi alimwandalia chakula, akaangalia uso wake, akaona kwamba si leo. Jana akamwambia kwamba muda umetosha, kesho atakwenda yeye. Shuhei alilia, akaomba jioni moja tu: waje kutazama majani kama walivyofanya alipokuwa mdogo, na huku bustanini atamweleza yote, kisha asubuhi waende polisi pamoja. Alipomketisha bandani alimwambia aukusanye moyo wake kidogo, atarudi kumwita.

"Na mkoba wako?"

"Alisema ataushika. Mgeni haingii na mkoba." Akapumzika. "Niliposikia maumivu nilijua kwamba vidonge vimo mle."

"Ungeondoka, Mwalimu. Ungeita watu. Njia si ndefu."

Bi Fumi alimtazama kwa mara ya kwanza, kwa namna ambayo mabibi wengi wa mji ule wangeitambua.

"Mgeni haondoki kabla ya kuitwa, Bwana Mkaguzi. Hilo nilimfundisha mwenyewe, akiwa hajafika urefu wa benchi hili. Alilijua vizuri kuliko wanafunzi wangu wote."

Isurugi aliacha kusugua, kisha akaendelea. Juu ya njia zilisikika sauti za wabeba machela wakielekezana, na nuru za kurunzi zikaanza kuchezacheza katika mianzi.

"Sasa mmekuja ninyi," alisema Bi Fumi. "Yeye yuko wapi?"

"Yuko langoni."

"Alikuwa njiani kuja?"

Kusakabe alijua kwamba kijana alikuwa ameomba mara nyingi kuingia bustanini, na alijua pia jiwe alilotaka kuja kuliondoa njiani kabla ya malango kufungwa.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Hakuwa njiani kuja kwako."

Bi Fumi aliinamisha kichwa, kwa kiasi kilekile ambacho mtu huinamisha anapopewa bakuli tupu alirudishe. Mkono wake ulitafuta ncha ya mtandio, ukainyosha juu ya goti.

Wabeba machela walifika, wawili, wakaiweka chini, na muuguzi akaja na blanketi na chupa ya hewa. Kusakabe akasimama kuwapisha. Akamwambia bibi kwamba maelezo yatachukuliwa hospitali, kesho au kesho kutwa, apatapo nguvu. Sheria inangoja, na hakuna haraka.

"Ninyi mnaweza kungoja," alisema Bi Fumi. "Mimi nimekwisha kungoja. Andika."

Muuguzi akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akatoa kalamu.

Bi Fumi alikataa kulazwa kabla hajamaliza. Aliketi wima ndani ya makoti mawili, akalitamka jina zima la kijana, ukoo kwanza, kisha siku, kisha mahali. Kisha akaomba asomewe tena, apate kuhakikisha kwamba jina limeandikwa sawasawa.